Brashi ya Ng'ombe Asiyeonyeshwa Watu

Mimi ni msusi, na kazi hii imenifundisha jambo moja ambalo halijawahi kuniangusha: mtu anayewashwa na kichwa hasemeshwi. Anaingia kibandani amenuna, anaona kiti kibaya, anaona bei kubwa, anaona hata salamu yako ina kejeli. Ukimfumua, ukamkwangua mba taratibu kwa kitana, ukamwosha, unaona mabega yanashuka. Baada ya hapo atakusimulia mpaka siri za mumewe, na wewe hukumuuliza. Nimewaona wengi wa namna hiyo, Tanga mjini nilikoanzia kazi na hapa Maramba nilikoolewa. Kwa hiyo nilipomtazama ng'ombe wa mama mkwe wangu mchana kweupe kwa mara ya kwanza, wengine wote nyumbani waliona ng'ombe mkorofi. Mimi niliona mteja.

Kumtazama mchana kwenyewe hakukuwa rahisi. Banda lake lilikuwa nyuma ya nyumba, limezungushiwa makuti kupita kimo cha mtu, na mlango wake ulifungwa kwa gunia. Mama mkwe wangu ni mwanamke wa pwani hasa, Mdigo aliyepandishwa huku Maramba na ndoa, na alikuja na mambo ya kwao yote bila kuacha hata moja. Kwao mtoto mchanga akizaliwa mzuri hupakwa masizi usoni, ili mwenye kijicho akichungulia aone kitu cha ovyo, aondoke zake. Wanawe wote walipakwa. Mume wangu aliniambia yeye alipakwa masizi mpaka siku alipopelekwa chuoni kusoma Kurani, na mimi nikimwangalia leo naona tahadhari ile ilipita kiasi.

Ng'ombe naye alifugwa kwa utaratibu huohuo. Alikuwa ng'ombe wa kisasa, chotara wa maziwa, na Mama alimnunua akiwa mtamba, hajazaa bado, kwa pesa ya vitumbua vyake mwenyewe, baada ya kufiwa na mumewe. Alijua fika alichokuwa nacho. Kwa sababu alijua, hakumwosha hata siku moja. Mavi yalimkaukia mapajani na ubavuni mpaka yakawa gamba nene, na rangi ya ngozi yake hakuna aliyeweza kuitaja kwa uhakika. Jirani akiuliza ng'ombe hajambo, Mama alijibu, "Yupo tu, ana siku haendi vizuri," hata kama asubuhi ile ndoo ilikuwa imejaa. Maziwa yenyewe aliyapeleka kituo cha kukusanyia maziwa kwa safari mbili, safari moja kupitia njia ya msikitini na nyingine kupitia nyuma ya soko, ili asipatikane mtu wa kujumlisha.

Mimi usafi ni ugonjwa wangu, nakiri bila aibu. Siwezi kupita penye mtoto ana kamasi nisimpanguse, awe wangu au wa watu. Lakini mkwe ni mkwe, na banda lilikuwa lake. Niliona, nikanyamaza, nikawa nasugua masufuria yangu kwa hasira.

Kisha ng'ombe akabadilika. Alianza kwa kutikisa mguu wakati wa kukamuliwa, akafika mahali pa kurusha teke kabla hata hujainama. Alijisugua ukutani siku nzima mpaka nguzo mbili za banda zikalegea, na kwenye nyonga alikuwa amenyonyoka manyoya kwa kujikwaruza kwenye ncha za miti. Maziwa yakapungua. Yale machache yaliyopatikana yakakataliwa kituoni asubuhi moja mbele ya foleni nzima, kwa sababu yule dada wa kupokea alipochuja alikuta takataka kwenye kitambaa. Mama alirudi na ndoo yake imefunikwa, hakusema na mtu, akayamwagia migomba.

Wiki iliyofuata teke likampata yeye. Mkono ulivimba mpaka kiwiko. Hospitali walisema hakuna mfupa uliovunjika, wakaufunga bandeji, wakamwambia apumzike, neno ambalo yeye huwa anawaachia wagonjwa.

Shemeji yangu mkubwa, ambaye ndiye msemaji wa ukoo tangu baba yao afariki, alikuja Ijumaa baada ya swala. Aliongea mlangoni, hata kikombe cha chai hakukigusa. Idi Kubwa ilikuwa inakaribia, yupo mnunuzi wa ng'ombe wa kutoka Muheza anayezunguka vijijini, atakuja kumwona na kumchukua. Ng'ombe anayempiga mama yao hafai kukaa nyumbani. Na mama ana watoto wanaume, kwa nini asipumzike, wao watamtunza.

Mume wangu alitazama chini. Mama naye alisema, "Haya, mnavyoona wenyewe." Mimi nilikuwa jikoni na niliisikia ile sauti. Nilikuwa sijawahi kumsikia mama yule akimwachia mtu aone kwa niaba yake, na iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Jioni nilimkalisha kwenye mkeka nimsuke, maana kwa mkono mmoja asingeweza hata kufunga kilemba. Nywele zake ni nyeupe zote na laini, namsuka twende kilioni, mistari inayorudi nyuma, haraka haraka. Nilikuwa nimefika katikati ya kichwa aliposema, bila kugeuka:

"Mwanangu, akiondoka huyu, hata sukari nitakuwa naomba."

"Wanao hawatakunyima, Mama."

"Sikusema wataninyima. Nimesema nitakuwa naomba."

Nilianza mstari mwingine. Nilimwelewa vizuri sana. Mimi nilikataa kuacha kibanda changu hata nilipoambiwa na mume kwamba mke wake hana haja ya kusimama kutwa nzima, kwa sababu nilijua utamu wa kununua sabuni bila kueleza mtu sabuni ya nini. Mama alikuwa na ng'ombe. Alichangia misiba kwa pesa yake, alinunua doti zake za kanga kwa pesa yake, na aliwapa wajukuu pipi bila kumtazama mtu usoni. Hicho ndicho kilichokuwa kinapakiwa kwenye gari kwenda Muheza, na wote tulikuwa tunaongea habari za teke.

Nilimaliza kumsuka, nikaenda bandani, nikafungua gunia la mlangoni, jua likaingia. Ng'ombe alikuwa amebana nyonga yake kwenye nguzo, anasugua na macho ameyafumba nusu. Ndipo nilipomwona yule mteja niliyemtaja mwanzoni.

Zamani kidogo nilikuwa nimeona kwenye simu, nikisubiri dawa ya nywele ishike kichwani mwa mtu, video ya banda la ng'ombe la nchi za baridi. Katikati ya banda limening'inizwa brashi kubwa ya duara, nene kuliko pipa, ng'ombe akiigusa tu inazunguka yenyewe. Wale ng'ombe walikuwa wamepanga foleni! Mmoja anasuguliwa mgongo, anageuza shingo, anapinda mkia, na anayesubiri nyuma yake anamsukuma kwa kichwa. Nilicheka siku ile nikasema hawa wana saluni kubwa kuliko yangu. Sasa nilimpelekea Mama simu, nikamwonyesha.

Alitazama hadi mwisho, akarudisha simu. "Hao wa Wazungu," akasema. "Wao hawana majirani."

"Mama, ngoja nikuulize. Wewe unasema huyu kapatwa na jicho?"

"Kapatwa. Kwani huoni? Ng'ombe alikuwa mzima, maziwa yamekatika, kawa mwendawazimu. Pamoja na kumficha kote kule, kapatwa."

"Basi kama lishampata, unamficha nini tena?"

Aligeukia upande wa bandani. Niliongeza, kwa sababu mimi nikishapata mlango sibishi hodi mara mbili: "Uchafu ulikuwa mlinzi. Mlinzi kalala, mwizi kaingia, kaiba, kaondoka. Na bado unamlipa mshahara?"

Akacheka kwa pua, kicheko ambacho hakutaka kitoke. "Una maneno wewe. Haya, msugue. Lakini hirizi yake shingoni usiiguse, na mlango ufungwe."

Hirizi sikuigusa. Mlango niliufunga, ila gunia nililikunja upande wa juu nipate mwanga.

Nilianza vibaya, sina haja ya kuficha. Nilichukua brashi yangu kubwa ya kunyooshea nywele, nikamwendea kwa nyuma nikiwa na haraka zangu za kibandani, nikaivuta kwenye lile gamba la pajani. Meno ya brashi yalikatika yote kama vijiti vya kiberiti, na ng'ombe akanisukuma kwa ubavu nikakaa kitako kwenye mavi mabichi. Mama alikuwa amesimama nje ya makuti. Hakuniona, lakini alisikia.

"Mteja hajafurahi?" akauliza.

Nilioga, nikafikiri. Hata binadamu huwezi kumchana nywele zilizokamatana zikiwa kavu, nani asiyejua hilo? Kesho yake nililiendea lile gamba kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa, nikalilowesha, nikamwacha ale majani yake ya mabingobingo kwa raha, nikalilowesha tena. Nikasimama begani kwake, anakoweza kuniona, na nikawa naongea. Nilimpa habari zote za kibandani za wiki ile, nani anaolewa, nani kaachika, nani kakopa rasta hajalipa. Ng'ombe hupenda sauti isiyokatika, na mimi sauti isiyokatika ninayo.

Brashi nilitengeneza mwenyewe. Brashi ya kufulia ilikuwa fupi na ngumu mno, ingemchuna penye vidonda. Huku kwetu mkonge umejaa, nikapata singa zake, zile nyuzi ndefu zilizokwisha kukaushwa, kutoka kwa mama mmoja anayesuka kamba. Fundi seremala aliye jirani na kibanda changu alinitobolea kipande cha mbao, nikazikata singa, nikazikunja na kuzipenyeza kwenye matundu, nikazishona kwa nyuma kwa uzi uleule wa kushonea wiving. Nilipomaliza nilijisugua nayo mkononi. Ilikuna vizuri sana. Nikajisugua na mgongoni, kwa kuhakikisha tu.

Gamba lilipoanza kutoka, ndipo ukweli ukaonekana. Chini yake kulikuwa na kupe. Sizungumzii kupe wawili watatu wa masikioni anaowajua kila mfugaji. Walikuwa wamejipanga chini ya mkia, kwenye mikunjo ya mapaja, na juu ya kiwele, pale chuchu zinapoanzia, walikuwa wameshikamana, wanene, wamejificha chini ya uchafu mkavu, na ngozi imewavimbia. Chuchu moja ilikuwa imepasuka. Mama alikuwa akimkamua alfajiri, gizani nyuma ya makuti, na macho yake si ya zamani. Kila alipoinama kukamua alikuwa anaminya kidonda. Ningekuwa mimi ningerusha miguu yote minne.

Niliketi pale kwenye kigoda nikalia kidogo. Nilimlilia ng'ombe, na nilimlilia yule mama pia, ambaye alimpenda mnyama huyu kuliko wengi wanavyopenda watoto wao, akamlinda kwa kitu kilekile kilichokuwa kinamla.

Nilikwenda duka la dawa za mifugo, nikaeleza. Muuzaji alinipa dawa ya kupe na maelekezo: kwenye kiwele nisipulize, nipanguse tu baada ya kukamua na nikioshe vizuri kabla ya kukamua tena, na mafuta ya chuchu nimpake kila mara. Wale wa kiwele sikusubiri dawa. Nilivaa glavu zangu za kupakia rangi, nikachukua kibano changu cha nyusi, nikawabana kichwani na kuwatoa mmoja mmoja, bila kuwakata, huku mume wangu ameshika pembe anaomba dua. Ng'ombe alitetemeka ngozi nzima. Teke hakurusha.

Usiku ule sikumwambia Mama nilichokiona chini ya gamba, na asubuhi yake nilibadili mawazo nikamwita. Sikuona sababu ya kumfanya mtu mzima mtoto. Nilimwonyesha alama. Alizigusa kwa mkono wake mzima, moja baada ya nyingine, midomo inacheza. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kumbe alikuwa ananiambia."

Akaondoka. Sikumfuata.

Ugomvi wetu wa kweli ulikuja na fagio. Nilikuwa nimeona kwamba siwezi kufunga kibanda kila siku nikamkune ng'ombe, na yeye mwenyewe anajua anapowashwa kuliko mimi. Nikakumbuka ile brashi ya kwenye video. Ya kuzunguka kwa umeme sina, lakini nguzo ninayo. Nikachukua mafagio mawili ya chelewa kutoka uani, nikayafunga kwa waya kwenye nguzo ya katikati, moja kimo cha ubavu, jingine kimo cha shingo, nikasimama nikijisifu.

Mama alifunua gunia, akaona, akapiga ukelele uliomtoa jirani jikoni kwake.

"Fagio! Unampiga mnyama wa riziki fagio!"

Kwao, na kwa watu wengi wa pwani hii, fagio lililofagia halimgusi mtu. Limebeba taka za nyumba na mikosi yake, ukimgusa nalo kijana hataoa, ukimgusa nalo mfanyabiashara wateja watamkimbia. Hata nyumba zetu hazifagiliwi magharibi, riziki isije ikafagiliwa nje. Na mimi, mwali wa mjini, nimelifunga fagio la uani kwenye banda, ng'ombe ajifagie maziwa yake mwenyewe mchana na usiku. Aliniambia nimeletwa kumalizia kazi ya wenye kijicho. Aliniambia kama nataka kuuza ng'ombe niseme, shemeji yangu alishasema. Hilo la mwisho lilinichoma, nami nikajibu kwa sauti isiyofaa kwa mkwe, kwamba mwenye kutaka auzwe angemwacha na kupe wake. Tukakaa mchana mzima hatusemeshani, kila mmoja akigonga sufuria zake.

Alasiri nikaenda kumwomba radhi kwa ile sauti. Kwa ile fikra sikuomba radhi, maana ilikuwa nzuri.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba."

"Kama tatizo ni fagio lililofagia, chelewa ambazo hazijagusa sakafu je? Zikitoka kwenye kuti moja kwa moja hadi nguzoni?"

Aliligeuza lile swali kichwani, namjua, alitafuta pa kulikataa akakosa. "Hizo bado si fagio," akakubali. "Hizo ni vijiti tu vya mnazi."

Nikaleta makuti mabichi, nikakaa uani naparua chelewa, nikaanza kufunga. Hakuvumilia hata kidogo. "Unafunga kama mtu anayefunga mchicha wa kuuza. Zitamwagika zote. Lete hapa." Mkono wake wa kulia bado ulikuwa na bandeji, kwa hiyo nilikuwa mimi nakaza na yeye anazungusha kamba kwa kushoto, ananipiga kofi vidoleni kila nilipolegeza. Alizifunga zikabanana, ncha zikiwa nje na zimekatwa sawasawa, kamba ya makumbi imepigwa mafundo matatu. Tulizifunga kwenye nguzo sisi wawili. Juu yake akasoma alichosoma, akapuliza.

Tukarudi nyuma. Ng'ombe alinusa zile chelewa, akazilamba, akaonja moja. Kisha akaweka shavu, akasukuma. Akaweka shingo. Akageuka, akajivuta mbele taratibu urefu wote wa mwili wake, kuanzia begani hadi kwenye shina la mkia, na alipofika mwisho akatoa pumzi ndefu, akaanza upya upande wa pili.

"Angalia alivyo na adabu mbaya," Mama akasema, akiziba mdomo kwa kanga. Alikuwa anacheka mpaka machozi.

Kuanzia hapo mambo yakaenda upesi. Mimi nilimpitishia brashi ya mkonge asubuhi kabla ya kukamua na jioni nikirudi, nikimwosha kiwele kwa maji ya moto kiasi na kitambaa chake mwenyewe. Chuchu ikapona. Tukaacha kumfunga kamba miguu ya nyuma, kama tulivyofanya tangu Mama aumie. Maziwa hayakurudi siku moja, asikudanganye mtu. Yalirudi kikombe kikombe. Lakini yalirudi masafi, na yule dada wa kituoni alichuja, akatazama kitambaa, akamwaga kwenye pipa pamoja na ya wengine bila neno. Na siku moja nilimkuta Mama mwenyewe ameketi kwenye kigoda, mkono hauna bandeji, anakamua. Gunia la mlangoni lilikuwa limefunguliwa lote. Alisema ni kwa ajili ya mwanga.

Shemeji sikumwambia kitu, wala mume wangu hakumwambia. Mama alitukataza. "Maneno yashatoka mdomoni kwake, atakuja na mtu wake. Mwache aje." Nilimuuliza ana nia gani. Akasema hajui. Hilo lilinikosesha raha, kwa sababu mama yule si mtu wa kuvunja ahadi ya mwanawe mbele ya mgeni, heshima ya mwanawe ni yake. Kwa mara ya kwanza katika shughuli nzima nikaingiwa na hofu. Nilikuwa nimemsafisha ng'ombe vizuri, na kuna watu duniani humpamba bibi harusi kwa ajili ya mtu asiyefaa.

Shemeji na mnunuzi walikuja adhuhuri imekwisha kuswaliwa, gari limesimama barabarani mbele ya nyumba, bodi yake ya nyuma imekwisha kuteremshwa. Watu wakaanza kusimama, kama kawaida ya Maramba gari likisimama. Mnunuzi alikuwa mtu mzima mwenye koti la kaki na fimbo. Alisalimia vizuri, akasema ameambiwa kuna ng'ombe mgonjwa-mgonjwa, mkali, na kwamba hatakaa sana, angependa amwone nje kwenye mwanga.

Mume wangu alitaka kwenda bandani. Mama akamzuia, akaenda mwenyewe.

Akamtoa kwa kamba iliyolegea. Ng'ombe yule hakuwa amewahi kupita mbele ya nyumba ile tangu alipoletwa akiwa mtamba. Alikuwa mweusi wa kung'aa, mabaka meupe yameanzia mabegani yanateremka mpaka tumboni, na kwenye paji la uso alikuwa na doa jeupe ambalo hata mimi nilikuwa nimelikuta chini ya uchafu. Alitembea nyuma ya Mama bila kuvutwa, kiwele kimejaa, akasimama uwanjani katikati ya watu wote wale akicheua.

Shemeji akaikamata ile kamba kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

Mnunuzi alimzunguka. Kazi yake ni kutafuta kasoro, na nilimwona anaitafuta. Alimpitishia kiganja mgongoni, akainama kuangalia miguu, akamgusa kiwele, ng'ombe akamruhusu. Akasimama, akaitia fimbo kwapani. Nadhani alisahau kwamba alikuja kununua.

"Bibi," akasema, "mie nimezunguka wilaya hii ya Mkinga na Muheza yote. Ng'ombe mzuri kama huyu sijamwona."

Uwanja mzima ukamgeukia Mama. Jirani zetu wote wanamjua Mama. Mimi nilimtazama mikono, nikingoja ajifunike kanga, ateme mate pembeni, amrudishe mnyama mbio nyuma ya makuti. Hakufanya hata kimoja. Alisimama pale, kidevu juu, na nikaona uso wake unakunjuka kidogo kidogo.

"Sema mashaallah," akamwambia.

"Mashaallah, mashaallah. Nisamehe Bibi."

"Haya. Sema tena, mwanangu, kwa sauti. Na wale wa barabarani wasikie."

Yule mtu akageukia barabarani akalirudia lote, Mkinga na Muheza yote, na mashaallah yake mwishoni. Mama alisikiliza mpaka neno la mwisho. Kisha akanyoosha mkono, akaitoa kamba mkononi mwa mwanawe mkubwa bila kumtazama, akamwambia mgeni apandishe bodi ya gari, halafu aingie ndani. Chai ipo, akasema, na ya maziwa.